Makumbusho ya Wahamiaji Ambao Hawakuja

Zungukeni dunia yote, pandeni ndege, shukeni, pandeni tena, hamtaipata nchi safi kama Jamhuri ya Wenyewe. Nchi nyingine zimejaa watu waliotoka mahali. Sisi hatukutoka mahali. Sisi tuliota hapahapa kama uyoga, asubuhi moja baada ya mvua, tukiwa tumeshavaa suruali. Katika historia yetu yote hajawahi kuingia mgeni hata mmoja, na ndiyo maana hatujui hata mgeni anafananaje.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na aliyebisha alipigishwa magoti juani mpaka akakubali kwamba ameota.

Kwa kuwa hatuna wageni, hatuna hodi. Mtu akifika kwa mwenzake anasukuma mlango, anaingia, anakaa, anakula. Akikuta watu wanagombana, anachagua upande. Kubisha hodi ni kukiri kwamba kuna mahali wewe si mwenyewe, na hilo ni kosa la jinai. Kuitikia "karibu" ni kosa kubwa zaidi, maana aliyebisha huenda amepitiwa tu, lakini aliyeitikia amekusudia.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa banda.

Lipo bandarini. Jengo la mawe, refu kama treni iliyokatazwa kuondoka, lenye mlango wa kuingilia upande wa maji na mlango wa kutokea upande wa mji. Juu ya mlango wa maji kumechongwa kwa herufi ambazo hata kipofu angezigusa akazisoma: WAGENI WASUBIRI HAPA. Wanahistoria wa serikali walilieleza jambo hilo vizuri kabisa. Walisema maandishi yale yalichongwa kwa tahadhari, endapo wageni wangekuja; na ushahidi kwamba hawakuja ni kwamba hawaonekani wakisubiri.

Mjini kote hakukuwa na mtu asiye na bibi au babu aliyepitia banda lile. Kila mtu alijua kuwa jirani yake anaye. Yeye mwenyewe, hapana.

Na katika chumba cha nyuma cha banda hilo aliishi Bi Sihaba, mkaanga vitumbua, pamoja na mjukuu wake Lukindo. Huyo Lukindo ndiye tutakayemfuata katika habari hii, kwa kuwa alikuwa kijana mzuri wa sura, mwepesi wa akili, na shujaa wa ajabu. Msinibishie, mtaona.

Bi Sihaba aliletwa pale akiwa mtoto mdogo, ameshika upindo wa kanga ya mama yake. Wakaketishwa kwenye benchi. Mama alikuwa akikohoa, akaitwa na daktari aingie mlango mdogo wa pembeni. Akamgeukia mwanawe akamwambia, "Kaa hapa. Usitoke mpaka nirudi." Mtoto akakaa. Mama hakurudi. Afisa aliyewaambia wasubiri naye akaondoka na wakoloni wenzake, bendera ikabadilishwa, wakaja maafisa wapya wakatangaza kwamba hakuna mtu aliyewahi kuja. Basi akawa hayupo wa kumwita yule mtoto, maana utamwitaje mtu ambaye hakuja? Akaendelea kukaa. Akakua hapo, akaolewa na fundi chokaa aliyekuja kupaka ukuta, akazaa binti, binti akamzaa Lukindo, akafia uzazini. Yote hayo Bi Sihaba aliyafanya akiwa anasubiri.

"Bibi," Lukindo alikuwa akimtania, "mama yako harudi sasa. Hata angetambaa angekuwa ameshafika."

"Nani kakwambia namsubiri arudi?" Bi Sihaba alikuwa akijibu, akigeuza kitumbua. "Aliniambia nisitoke. Kurudi ni shughuli yake. Kutokutoka ni yangu."

*

Mambo yaliharibika siku Rais wetu alipotembelea nchi jirani.

Kule akaonyeshwa banda bovu kuliko letu, lakini lenye bamba la shaba ukutani kutoka Baraza la Urithi wa Walimwengu. Watalii walikuwa wamepanga foleni. Walikuwa wanaingia wakavu wanatoka wamelowa machozi, na wakitoka wananunua kofia.

Rais alirudi nyumbani amenuna. "Watu wanalia kule," aliwaambia mawaziri, "halafu wananunua kofia! Kwa nini hawalii kwetu? Sisi tumekosa nini cha kuliza watu?"

Mawaziri wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kujibu swali lile kwa ukweli.

Aliyesimama ni Profesa Kirumbizi, Waziri wa Mambo ya Kale na Mengineyo, mtu mwenye sauti nene kuliko mawazo yake. Wiki ileile akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu, tukufu na isiyochoka kujisifu, imeamua kulihifadhi banda la bandarini na kulifanya kuwa Makumbusho ya Taifa ya Wahamiaji Ambao Hawakuja! Tutawaenzi! Tutasimulia mateso yao, safari zao, na jinsi walivyoipenda nchi hii kiasi cha kutoifikia!"

Mwandishi mmoja wa gazeti akauliza hao wahamiaji watapatikana wapi ikiwa hawakuja. Siku hizi mwandishi huyo anaripoti habari za magereza, akiwa humohumo.

Baraza la Urithi likajibu maombi yetu kwa adabu. Mkaguzi angekuja, likasema, na angetaka vitu viwili: jengo liwe katika hali yake halisi, na hadithi za waliopita pale zisimuliwe kwa vinywa vyao wenyewe.

*

Wataalamu wa uhalisia walifika wamevaa kofia za plastiki ngumu. Wakamkuta Bi Sihaba amekaa kwenye kigoda chake, karai motoni.

"Mama, utabidi utoke," akasema mkuu wao. "Huna uhalisia."

"Sina nini?"

"Jengo linatakiwa lirudi kama lilivyokuwa siku za mwanzo. Wewe ni nyongeza ya kisasa."

"Siku za mwanzo nilikuwepo. Nilikaa pale, unaposimama na viatu vyako vya matope."

"Haiwezekani. Kwa mujibu wa serikali, wewe hukuja."

"Basi kama sikuja, baba, unanitoaje?"

Mtaalamu akakuna kofia yake ya plastiki. Swali lile halikuwemo katika mafunzo yake. Hatimaye akasema, "Utatolewa kwa muda, hadi serikali ijue hukuja kutoka wapi."

Ikaamuliwa kwamba mkaguzi akishaondoka tu, Bi Sihaba atapelekwa Kambi ya Watu Wasio na Maelezo, nje ya mji, nyuma ya jalala la manispaa. Siku ya ukaguzi yenyewe atafichwa stoo pamoja na karai lake, jiko lake la mkaa na vyombo vingine vya kisasa.

Kisha kazi ya kuhifadhi ikaanza. Paa ambalo Bi Sihaba alikuwa ameliziba kwa mikono yake mvua baada ya mvua likaonekana si halisi, kwa sababu la asili lilikuwa likivuja. Wakaajiri fundi wa kuvujisha. Benchi la kale, lililolainika kwa makalio ya watu waliosubiri, likapelekwa kwenye baraza ya nyumba ya Waziri kwa usalama wake. Likachongwa jipya, na makarani wa wizara wakaamriwa kulikalia kwa zamu, wakijisugua huku na huku, ili lipate uzee kabla ya mkaguzi kufika. Karani mmoja alichakaa kabla ya benchi, akapewa likizo ya ugonjwa.

*

Lukindo hakukaa bure. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata cheti, ambacho Bibi alikitundika mahali palipokuwa pakivuja zaidi, kwa heshima na kwa manufaa. Aliposikia wizara inatafuta kijana mwenye ulimi wa kutembeza wageni katika makumbusho, akaenda. Ulimi alikuwa nao wa kuutosha ukoo mzima. Akapewa cheo cha Msimulizi wa Taifa, Daraja la Chini, na kabla ya kukabidhiwa shati la kazi akatakiwa kula Kiapo cha Uyoga.

"Naapa," akasema Lukindo, mkono juu, "kwamba sina kwetu pengine, baba yangu hana, mama yangu hana, na bibi yangu, kama ninaye, aliota."

Alirudi nyumbani hamtazami Bibi machoni.

"Nimeapa kwa mdomo tu," akasema.

"Kwani wenzio huapa kwa nini? Kwa goti?"

"Bibi, nielewe. Nikiwa nje ya ile kazi, mimi ni nani? Muuza vitumbua wako. Nikiwa ndani, nakaa karibu na Waziri. Nitakusemea. Hutatoka humu, nakuapia."

"Na hicho nacho kwa mdomo?"

"Hicho kwa moyo."

Bi Sihaba akampa kitumbua cha moto ili anyamaze.

*

Zikabaki hadithi. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba yeyote ambaye mzazi wake alipitia banda la bandarini, kwa bahati mbaya au kwa kusukumwa, ajitokeze kusimulia. Hakutokea hata paka. Tangazo likarudiwa, safari hii likataja kwamba kutakuwa na pilau. Mji mzima ukahamia wizarani. Lakini kila aliyefika mezani na sahani alisema maneno yaleyale: "Mimi ni Mwenyewe tangu udongo. Ila jirani yangu, huyo hapo nyuma kwenye foleni, muulizeni vizuri."

Pilau likaisha, wahamiaji hawakupatikana.

Profesa Kirumbizi akapiga meza. "Basi wafanyakazi wa wizara ndio watakuwa wahamiaji! Kwa siku moja, kwa maslahi ya taifa, na bila kuathiri uzawa wao!"

Hadithi zikatungwa na kamati. Hapo sasa ndipo Wenyewe tulipoonyesha utaratibu wetu, maana kwetu hakuna kinachogawiwa bila kufuata vyeo, na huzuni nayo ikagawiwa kwa vyeo. Madereva wakapewa njaa ya kawaida. Makarani wakapewa njaa pamoja na kupotelewa na mizigo. Wakurugenzi wakapewa kufiwa. Katibu Mkuu, aliyetaka kufiwa na watu wengi kumzidi Mkurugenzi wa Utumishi, aligoma hadi akaongezewa shangazi.

Kwa Waziri sasa, huzuni ikakosekana. Kamati ilitunga, ikafuta, ikatunga, na kila walichompelekea alikitupa. "Hii ni huzuni ya naibu waziri," alikuwa akisema.

Lukindo akaona mlango umefunguka. Akawaza kwamba Waziri akiipenda hadithi, atampenda na mwenye hadithi. Jioni ile akakaa kando ya karai.

"Bibi, nisimulie mlivyofika. Lakini vizuri, kama unamsimulia mtu asiyekujua."

Bi Sihaba akacheka. "Tulifika na kuku. Mama alikuwa amembeba kichwani kwenye kikapu. Afisa akauliza, 'Mmebeba nini?' Mama akasema, 'Kuku na mtoto.' Afisa akaandika kuku. Basi yule kuku akaruka, akapanda kiti cha afisa, akataga. Palepale! Ofisi nzima ikasimama. Wakajadiliana, mwisho wakaona yai limezaliwa hapa, haliwezi kufukuzwa, na mama yake haiwezekani kumtenga na mwanawe. Kuku akagongewa muhuri mguuni, akapita mlango wa mji siku ileile, anatembea kwa madaha kama bibi harusi. Sisi tukaambiwa tusubiri."

Lukindo alikuwa ameshika mbavu.

"Mama alicheka sana," akasema Bi Sihaba. "Alicheka mpaka akakohoa. Walipomsikia anakohoa ndipo wakamwita." Kitumbua kimoja kikaungua, jambo ambalo Lukindo hakuwahi kuliona. "Nenda kampe Waziri wako."

Lukindo akaenda akasimulia, na ulimi ule, jamani, Waziri akalia. Alilia kwa sauti, msaidizi wake akaona afadhali naye alie, mlinzi nje akalia asije akaonekana mpinzani.

"Huzuni kama hii," akasema Profesa Kirumbizi akijifuta, "haiwezi kukaa kwa mtu aliye chini ya waziri. Nitaisimulia mimi. Nitafutieni kanga na kuku."

Sasa ndio ulikuwa wakati wa Lukindo kumsemea Bibi. Akajikaza. Neno lenyewe, "Mheshimiwa, mwenye hadithi hii mnataka kumhamishia jalalani," lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akafungua kinywa akasema, "Mheshimiwa, umelia vizuri sana."

Si kwamba aliogopa, msinielewe vibaya. Aliahirisha tu ushujaa wake kwa sababu za kimkakati.

*

Siku ya ukaguzi ikafika. Bendera zilipepea, fundi wa kuvujisha alikuwa tayari juu ya paa na ndoo zake, na Redio ya Taifa ilikuwa ikitangaza moja kwa moja ili Rais asikilize akiwa Ikulu. Bi Sihaba alikuwa stoo, amefungiwa na karai lake. Lukindo mwenyewe ndiye aliyetumwa kufunga komeo.

"Vumilia kidogo tu, Bibi," akanong'ona kupitia ufa. "Leo namwambia."

"Mwambie kwanza fundi wake apunguze mvua. Huku kunaloa."

Mkaguzi aliitwa Bi Mwaluko, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya chini na macho ya kuhesabia mchele. Aliteremka kwenye gari, akaupita mstari wa gwaride, akafika mbele ya mlango wa maji uliokuwa wazi kabisa. Akasimama. Akasema kwa sauti ya upole kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri kwao:

"Hodi!"

Gwaride likaganda. Tarumbeta moja ikatoa mlio wa mbuzi na kunyamaza. Kamanda wa polisi akamtazama Waziri, mkono uko kwenye pingu, akisubiri amri ya kumkamata mgeni rasmi kwa kosa la jinai.

"Mwambieni aingie tu," Profesa Kirumbizi akanong'ona kutoka ndani, akiwa amejifunga kanga ya mamake mtu.

Katibu Mkuu akatoka, akainama. "Mheshimiwa Mkaguzi, mlango hauna kitu. Wewe sukuma hewa, ingia."

"Ahsante," akasema Bi Mwaluko. "Lakini kwetu haiingiwi nyumba ya watu bila kuitikiwa. Usipoitikiwa ujue wenyewe hawapo, unarudi ulikotoka. Hodi!"

Wenyewe tulikuwepo, tena tumejaa tele, na hakuna aliyeweza kufungua kinywa. Mkurugenzi akamtazama Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akamtazama Waziri, Waziri akatazama juu kama anayekagua buibui. Kila mmoja alijua kwamba atakayesema "karibu" atalala rumande. Redio ya Taifa ikaendelea kutangaza moja kwa moja kimya cha taifa. Mtangazaji alijitahidi sana: "Kimya hicho mnachokisikia, ndugu wasikilizaji, ni kimya cha hali ya juu..."

"Hodi kwa mara ya mwisho," akasema Bi Mwaluko. Hakuna. Akashika mkoba wake, akageuka kuelekea kwenye gari. Na bamba la shaba nalo likageuka naye.

Ndipo ikatoka sauti ndani ya stoo, ya mtu aliyechoka kusikia ufidhuli:

"Karibu, mwanangu! Pita ndani! Angalia kizingiti kina utelezi, wametia mvua!"

Uso wa Bi Mwaluko ukachanua. Akavua viatu, akaingia.

*

Hadithi zikaanza. Madereva wakaona njaa. Makarani wakapotelewa na mizigo. Katibu Mkuu akafiwa mpaka akafika kwa shangazi. Bi Mwaluko alisikiliza kwa adabu, akijikinga kwa mwavuli, maana fundi juu alikuwa amepandwa na bidii.

Kisha akatoka Profesa Kirumbizi, kanga kifuani, kuku wa mpira chini ya kwapa. Akalia kuanzia sentensi ya kwanza ili asisahau.

"Nilikuwa mtoto mdogo! Mama akaitwa! Akaniambia, 'Kaa hapa, usitoke mpaka nirudi!' Nikakaa! Nikasubiri! Nikasubiri mpaka nikateuliwa!"

Wizara nzima ikapiga makofi.

"Pole sana," akasema Bi Mwaluko. "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Makofi yakafa. Waziri akaigeukia kamati. Kamati ikageukia karatasi zake. Walikuwa wametunga rangi ya kikapu, walikuwa wametunga upepo, lakini jina la yule mama halikumpitia mtu hata mmoja akilini.

"Aliitwa... Mama," akasema Waziri. "Mama wa... Taifa."

"Mwatime," ikasema sauti ya stoo. "Aliitwa Mwatime. Na alikuwa hapendi kelele."

"Nani huyo?" akauliza Bi Mwaluko.

"Ni mwangwi," akasema Waziri haraka. "Mwangwi wa kihistoria. Majengo ya mawe yana tabia hiyo."

"Mwangwi unajibu maswali?"

"Wetu umesoma."

Bi Mwaluko akaenda mwenyewe, akavuta komeo. Bi Sihaba akatoka, amelowa, karai mkononi. Akautazama ukumbi, akamtazama Waziri aliyevaa kanga, akasema tu, "Salaam aleikum."

"Mama, wewe ni nani hapa?" akauliza Bi Mwaluko.

Kabla hajajibu, Waziri akaingilia. "Si mtu! Yaani, ni mtu, lakini hana maelezo. Muulize Msimulizi wetu wa Taifa, kijana mwaminifu, ameapa. Lukindo! Njoo mbele. Unamfahamu huyu?"

Basi hapo, mabibi na mabwana, ndipo Lukindo alipoonyesha yeye ni nani. Alisonga mbele kwa hatua za simba. Magoti yake yalikuwa imara kama nguzo za daraja. Aliutazama uso wa Waziri, akautazama uso wa Kamanda na pingu zake, akapiga kifua mpaka njiwa wakaruka kwenye paa, akanguruma: "Namfahamu! Huyu ni bibi yangu, Sihaba binti Mwatime! Hakuota, alikuja! Na mimi ni mjukuu wa mhamiaji!"

Kisha karani mmoja nyuma akasema, "Hata bibi yangu alikuja." Mwingine akasema, "Na babu yangu!" Katibu Mkuu akashusha sauti, "Shangazi yangu ni wa kweli, jamani." Watu wakakumbatiana, gwaride likalia, na hata Waziri, inasemekana, alimng'ang'ania Lukindo shingoni akimwita mwanangu.

Bi Mwaluko akatoa hukumu yake. Akasema ameona majengo mengi yaliyohifadhiwa na yamekufa, kwa sababu ukibisha hakuna wa kukuitikia. Hili lina mtu. Bamba litatolewa, lakini kwa sharti moja: aliyemwitikia abaki humu, aendelee kuitikia.

Serikali ikatokwa jasho. Ikimwacha kama mtu, itabidi ikubali kwamba alikuja. Ikimtoa, bamba linaondoka. Wanasheria wakakesha wakapata ufumbuzi: Bi Sihaba akaandikishwa kuwa kifaa cha kihistoria. Kifaa hakihitaji uraia, hakifukuzwi nchini, na kinafutwa vumbi kila wiki. Akabaki katika chumba chake, akazungushiwa kamba nyekundu, na mbele yake pakawekwa kibao: USIGUSE. Kanuni hiyo haichagui. Lukindo mwenyewe akimpelekea chai humsukumia kikombe kwa ncha ya fagio.

Na bamba la shaba, mabibi na mabwana, ndilo hilo mnaloliona juu ya vichwa vyenu. Tukitoka kwa mlango wa mji mtakuta kofia, za bei nafuu, zenye picha ya kuku. Tafadhali tupite upande huu, mmoja mmoja, tusiguse kamba...

"We Lukindo!"

Samahanini, wageni wetu. Kifaa hiki huwa kinasema nyakati fulani. Tupite.

"Wasipite. Wanangu, ngojeni kwanza. Huyu kawaambia alipiga kifua?"

"Bibi, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Magoti yako yalikuwa yanagongana nayasikia, na Waziri alikuuliza mara mbili ndipo ukatoa sauti. Ukasema, 'Simfahamu, Mheshimiwa. Labda ni wa jirani.' Sio hivyo?"

"Bibi, wageni wanasikia."

"Wasikie, wametoka mbali. Ukumbi mzima ulikaa kimya, hakuna karani, hakuna shangazi. Na yule mama mkaguzi akanigeukia mimi, akaniuliza, 'Na wewe, unamfahamu kijana huyu?' Nikamwambia sijapata kumwona. Maana nilikuona unavyotetemeka ndani ya shati lao, nikajua ukifukuzwa hapa, hata kukaanga hujui."

Mgeni mmoja wa mbele, mwanamke aliyejitanda ushungi wa kijani, ametoa leso. Mwingine ameshusha kamera.

"Mimi uongo wangu niliusema siku ile, ukanitosha," anasema Bi Sihaba, na ameinuka kwenye kigoda, amefika kwenye kamba. "Wewe wako unaurudia kila wakija watu. Sasa leo Waziri hayupo, Kamanda hayupo, wapo hawa tu. Nauliza mimi: unanifahamu?"

Mlangoni, askari wa makumbusho ameacha kuchokonoa meno. Hakuna anayeitazama tena kamba wala bamba. Wageni wote wamegeuka, na wananitazama mimi.